Kokoto Hazipotei, Zinazama: Mwongozo Kamili wa Kutandaza Kokoto Kwenye Njia ya Gari na Vijia vya Bustani

Kila masika yakiisha naulizwa swali lile lile. Mtu alimwaga lori zima la kokoto mwaka jana kuanzia getini hadi barazani, uwanja ukapendeza, na sasa ni tope tupu. Aongeze lori lingine?

Usiongeze. Chukua chepe, chimba pale tairi linapopita. Utazikuta zote.

Mimi nilizikuta zangu Madale, Dar es Salaam, kwenye udongo mwekundu unaonata. Niliagiza tipa moja, nikamwaga moja kwa moja juu ya udongo, nikasawazisha kwa reki jioni moja na kupiga picha za kuwatumia ndugu. Mvua za Aprili zilipokwisha nilichimba shubiri moja chini, na kokoto zangu zilikuwa humo, zimeshikana ndani ya mfinyanzi kama karanga kwenye kashata.

Udongo ukilowa unakosa nguvu. Tairi linalisukuma jiwe chini na tope linapanda kujaza nafasi yake. Kila lori unaloongeza linashuka kwa njia hiyo hiyo. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu haihusu kokoto za juu. Hizo ni sentimita 5 za mwisho. Kazi yenyewe ni kuweka kitu kigumu kati yake na udongo.

## Kwanza, je, kokoto zinakufaa?

Kama njia yako ina mwinuko mkali, tuseme inapanda zaidi ya mita 1 kwa kila mita 10 za urefu, kokoto peke yake zitashuka na mvua na kukusanyika getini. Hapo mwaga mistari miwili ya zege kwa ajili ya tairi, kila mmoja upana wa sentimita 60, na kokoto ziende katikati. Unatumia zege kidogo kuliko kufunika njia nzima, na gari haliserereki.

Kama nyumbani kuna anayetumia kiti cha magurudumu au bibi anayetembelea mkongojo, kijia cha kwenda mlangoni kisiwe cha kokoto. Weka zege au pevingi hapo, kokoto zibaki bustanini.

Sehemu nyingine zilizobaki, kokoto ni chaguo zuri. Maji yanapenya badala ya kutuama, kazi unaweza kuifanya mwenyewe na vibarua wawili, na ukitaka kupitisha bomba mwakani hutavunja kitu.

## Vifaa na malighafi

Kusanya kila kitu kabla ya kuchimba. Shimo lililo wazi likinyeshewa linageuka bwawa.

Zana: sululu, jembe, chepe mbili, reki ya chuma, toroli, tepu ya kupimia, kamba, vigingi, mpira mwembamba unaoonyesha maji ambao mafundi hutumia kupigia levo, na kitu cha kushindilia.

Kwa njia ya gari, kodi mashine ya kushindilia kwa siku moja au mbili. Kwa kijia cha bustani tengeneza kishindilio mwenyewe. Chukua kopo la rangi la lita 4, lijaze zege, simika mti imara katikati, lifunge pembeni lisiyumbe, liache likauke kwa wiki nzima. Litakuwa na uzito wa kilo 10 hivi, na mtu mmoja ataliinua asubuhi nzima bila kulalamika. Sana.

Malighafi:

- Moramu ya msingi, yenye mawe madogo, mchanga na udongo kidogo wa kushikanisha. Wasomaji wa Kenya mnaiita murram.
- Kokoto za juu. Kwa njia ya gari ni za robo tatu ya inchi (milimita 20), kwa kijia ni ndogo za milimita 10 hivi. Kenya ni balasti.
- Kitambaa cha kutenganisha udongo na msingi, kinachopitisha maji. Kwa wauzaji wa vifaa vya barabara ulizia jiotekstaili.
- Tofali za saruji za inchi 5 au mawe kwa ajili ya kingo, pamoja na saruji, mchanga na kokoto za kumimina zege la kuzishikilia.

### Kokoto ipi?

Hapa ndipo watu wanapochagua kwa macho. Zile changarawe za mviringo, laini, zinazong'aa zikilowa, ni nzuri kwenye vyungu vya maua. Chini ya tairi zinaviringika kama golori. Unachotaka ni jiwe lililopondwa, lenye kona kali. Kona hung'ang'aniana, na baada ya wiki chache za kukanyagwa mawe yanajifunga.

Kwa aliye Dar es Salaam, kokoto za Lugoba ni ngumu na tairi halizisagi kirahisi. Zile nyeupe za upande wa Kunduchi zinatokana na jiwe la chokaa. Ni laini zaidi, unga wake unaganda kwenye viatu na kuingia nao sebuleni. Huo unga, hata hivyo, hushikana vizuri ukishindiliwa, kwa hiyo kokoto hizo nisingezikataa kwenye msingi. Nazikataa juu tu.

Kokoto au changarawe zinazochotwa kinyemela mtoni achana nazo, hata zikiwa nusu bei. Mito ya Dar inakula kingo zake na nyumba zilizo juu yake, na uchimbaji huo ni sehemu ya sababu.

### Kuijaribu moramu

Kabla ya kulipa, omba ndoo moja. Jaza nusu ya chupa kubwa ya uwazi kwa moramu, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa kwa nguvu, iache mpaka kesho. Mawe na mchanga vitakaa chini, udongo laini juu yake. Tabaka la udongo likizidi robo ya vilivyotuama, hiyo ni tope iliyovaa nguo ya moramu. Ikiwa hakuna udongo kabisa, haitashikana hata ukiishindilia mpaka Idi.

## Hatua ya 1: Pima, weka alama, tazama maji

Njia ya gari moja iwe na upana wa mita 3. Ukibana hadi mita 2 na nusu, abiria atashukia kwenye maua. Kijia cha kupishana watu wawili ni mita 1.2, cha mtu mmoja sentimita 90.

Piga vigingi, vuta kamba. Kwenye kona usikisie, leta gari lenyewe ulizungushe taratibu, halafu weka alama nje kidogo ya pale tairi za nyuma zilipopita, kwa sababu tairi za nyuma hukata kona zaidi ya za mbele.

Kisha uliza maswali mawili. La kwanza, maji ya mvua yanatoka wapi na yanaelekea wapi? Kama hukumbuki, mwaga ndoo kadhaa uone. Yaelekeze kwenye bustani au mfereji, si kwa jirani. La pili, chini kuna nini? Bomba la maji kutoka kwenye mita mara nyingi limefukiwa kwa kina kifupi, na kwenye viwanja vyetu vingi shimo la maji taka liko mbele ya nyumba, karibu na geti.

Onyo: tipa lenye mzigo lisipite juu ya mfuniko wa shimo la maji taka. Mfuniko wa kawaida haukujengwa kubeba lori. Weka vigingi na utepe pande zote kabla dereva hajafika, na usimame hapo mwenyewe anaporudi kinyumenyume. Ikibidi, amwage nje ya geti mkabebe kwa toroli.

## Hatua ya 2: Piga hesabu

Fomula ni urefu mara upana mara kina, vyote kwa mita. Tuchukue njia ya gari ya mita 12 kwa 3, yaani mita 36 za mraba.

Msingi wa moramu wa sentimita 15: 36 × 0.15 = mita za ujazo 5.4. Moramu ikishindiliwa inashuka, hivyo ongeza robo. Agiza 7.

Kokoto za juu za sentimita 5: 36 × 0.05 = 1.8. Ongeza kidogo, agiza 2. Kwa uzito ni kama tani 3, kwa kuwa mita moja ya ujazo ya kokoto ina tani moja na nusu hivi.

Udongo wa kutoa kwa kina cha sentimita 20: 36 × 0.20 = 7.2. Ukichimbwa unafura, utakuwa na rundo la mita 9 za ujazo. Amua mapema litaenda wapi. Nimeona watu wenye njia nzuri ya gari na mlima wa udongo katikati ya bustani kwa miaka miwili.

Kwa kijia cha mita 10 kwa 1, msingi wa sentimita 8 unataka mita 1 ya ujazo, na kokoto za juu za sentimita 3 ni ndoo 17 hivi za lita 20. Ukumbuke kuwa mita moja ya ujazo ni ndoo 50. Hesabu hiyo itakusaidia pia mzigo ukifika.

Dereva atakwambia, "Bosi, hii imejaa kabisa." Msalimie, panda, pima bodi ndani: urefu, upana, na kimo mzigo ulipofika. Bodi la mita 3.6 kwa 2.1 likijazwa kimo cha sentimita 60 linabeba mita 4.5 za ujazo. Angalia pembe nne, si katikati peke yake, maana mzigo hurundikwa katikati ukaonekana mwingi. Ukipungua sentimita 10 tu kwenye bodi hilo, umepoteza karibu ndoo 38.

## Hatua ya 3: Chimba mpaka upate ardhi ngumu

Fanya kazi hii kiangazi. Pwani, miezi ya Juni hadi Septemba ni salama zaidi.

Chimba sentimita 20 kwa njia ya gari, 11 kwa kijia. Toa udongo wote mweusi wa juu wenye mizizi na majani, hata ukilazimika kwenda chini zaidi, kwa sababu kinachooza kinaacha nafasi na nafasi inageuka bonde.

Ndago, yale magugu yanayofanana na nyasi, zinastahili kuonewa wivu kwa ukaidi wake. Kukata majani yake hakusaidii. Fuata uzi mpaka kwenye vile vijidunda vyeusi chini, vitoe. Kimoja kikibaki kitatoboa kitambaa na kutokea katikati ya kokoto kama aliyealikwa.

Ukikuta udongo mweusi wa mbuga, ule unaopasuka kiangazi na kufura masika, ongeza kina. Shuka hadi sentimita 35 au 40, jaza mawe makubwa na moramu ngumu chini kabla ya msingi wa kawaida. Wakazi wengi wa Nairobi wanaujua udongo huu vizuri kuliko wangependa.

Shindilia sakafu ya shimo. Kisha chukua kipande cha nondo ya milimita 12, kisukume kwa mkono. Kikizama kirahisi mahali fulani, hapo chini ni laini. Chimba, weka moramu, shindilia, jaribu tena.

## Hatua ya 4: Tengeneza mteremko kuanzia chini

Wengi huacha sakafu ya shimo tambarare na kujaribu kutengeneza mteremko kwa kokoto za juu. Maji hayatazami juu. Yanapenya kokoto, yanafika chini na kukaa kwenye lile beseni ulilochimba. Udongo unalowa kutoka ndani na kila kitu kinazama.

Sakafu ya shimo iwe na mteremko ule ule unaoutaka juu. Kwa njia ya gari ya mita 3, ama inua katikati kwa sentimita 4 ili maji yashuke pande mbili, ama teremsha upande mmoja kwa sentimita 7 na nusu. Kijia kinatosha sentimita 2 kwa kila mita ya upana. Siku zote maji yakimbie nyumba.

Pima kwa mpira wa levo, si kwa jicho. Na hakikisha uso wa mwisho wa kokoto utakuwa angalau sentimita 15 chini ya lile tabaka la kuzuia unyevu ukutani, la sivyo rangi itaanza kubanduka kutoka chini.

Angalia na geti. Geti la kufungua kwa ndani linahitaji nafasi ya kupita juu ya kokoto, na la reli litakwama kwa jiwe moja tu. Mimi humimina ukanda wa zege wa kama mita moja getini, kokoto zianzie baada ya hapo. Ukanda huo pia unazuia mawe kutoka barabarani na tairi.

## Hatua ya 5: Kingo

Bila kingo, kokoto zinasukumwa pembeni kila gari linapopita na mwaka wa pili una njia ya mita 4 isiyo na kitu katikati.

Simamisha tofali kwa ubavu kufuata kamba, juu ya zege la uwiano wa 1:3:6 (saruji, mchanga, kokoto), halafu sindika zege lingine nyuma yake kwa nje. Hilo la nje ndilo linalobeba msukumo. Juu ya ukingo pawe sentimita 2 zaidi ya uso wa kokoto. Ukizidisha, mtu atajikwaa.

Upande wa chini, acha nafasi ya vidole viwili kila baada ya mita 2 ili maji yatoke. Mwagilia zege kwa siku tatu au zaidi, na usikaribishe mashine ya kushindilia kabla ya wiki.

## Hatua ya 6: Kitambaa, na kwa nini si nailoni

Kitambaa kinakaa juu ya udongo, chini ya moramu. Kazi yake ni kuzuia tope lisipande na mawe yasishuke, huku maji yakipita. Ukikiweka juu, chini kidogo ya kokoto, tairi zitakivuta, kona zitajitokeza, na utakuwa na njia inayoonekana kama imevaa soksi zilizotoboka.

Watu hununua ile nailoni nyeusi ya ujenzi wakidhani ni kitu kimoja. Sivyo. Nailoni inakamata maji, msingi unabaki umeloweshwa, na mawe yanateleza juu yake kama kwenye sabuni. Jaribu hivi: kunja kona ya kitambaa iwe kama kikombe, mimina maji. Yakibaki, kirudishe dukani.

Pale vipande vinapokutana, pandanisha sentimita 30. Usipite na toroli juu yake kikiwa wazi. Mwaga moramu ukingoni na uisogeze mbele ukiwa umesimama juu ya moramu yenyewe.

Nimeulizwa mara nyingi kuhusu viroba vya sukari na unga vilivyofumuliwa. Kwa kijia cha bustani vinafaa, vikipandanishwa vizuri, maana ule ufumaji wake unapitisha maji. Kwa njia ya gari sivishauri.

## Hatua ya 7: Msingi wa moramu

Kama una nguvu na pesa ya kumalizia hatua moja tu kikamilifu, iwe hii.

Usimwage sentimita 15 zote mara moja. Mashine ndogo na kishindilio cha mkono havifiki chini. Utapata ganda gumu juu na ulaini ndani, na litapasuka kama ukoko wa wali. Tandaza sentimita 10 zilizolegea, shindilia zishuke kufikia 8 au pungufu, ndipo uweke tabaka la pili.

Unyevu ndio siri. Moramu kavu haishikani, iliyolowa sana inacheza kama uji. Ikamate kwenye ngumi, ibane, fungua mkono. Inatakiwa ibaki na umbo la vidole vyako, na ukiigonga ivunjike vipande viwili au vitatu. Ikitawanyika, nyunyiza maji kwa keni na uichanganye. Ikiacha maji kiganjani, iache ipigwe jua.

Ukiwa na mashine, pita mara nne au tano kila tabaka, ukianzia pembeni kwenda katikati. Kwa mkono, inua kishindilio hadi usawa wa goti na ukiachie kianguke, kila pigo lifunike nusu ya lililotangulia. Sikiliza. Mwanzoni linasema *bufu*. Likishiba linasema *ti*, na kishindilio kinaruka kidogo. Pale panaposema bufu baada ya pigo la kumi, pana unyevu uliozidi au taka imefukiwa.

Vibarua wengi watakuja na ndala. Waazimie viatu vya kufunika. Kilo 10 kwenye kidole cha mguu zitasimamisha kazi yako na ya familia yake. Na moramu ikitoa vumbi, nyunyiza maji. Vumbi la mawe halifai mapafuni.

Tabaka la pili likiisha, nyunyiza vumbi la kokoto jepesi juu na ushindilie mara ya mwisho ili kuziba vitundu.

Halafu mitihani mitatu. Gandamiza kisigino kwa uzito wako wote, pasibonyee. Endesha gari juu yake taratibu, ukishuka uone alama ya kashata za tairi lakini si mfereji. Mwaga ndoo mbili juu, maji yaelekee ulikokusudia na yasiache dimbwi. Ukifeli mmoja, rekebisha sasa. Chini ya kokoto hutaona tena.

Ukiweza, itumie njia kwa gari wiki moja hivi hivi ikiwa moramu tupu. Udhaifu wote utajitokeza, na kuujaza kwa wakati huo ni chepe mbili tu.

## Hatua ya 8: Kokoto za juu, na kosa la ukarimu

Baada ya jasho lote hilo, mtu anajipongeza kwa kumwaga sentimita 10 za kokoto. Gari linaanza kuogelea, usukani unakuwa mzito, na mwenye viatu vya kisigino anavua. Kokoto nyingi hazishikani, kwa sababu zile za juu hazigusi kitu kigumu.

Kipimo changu ni kiberiti. Kile cha kawaida kikisimama wima kina takriban sentimita 5, ndicho kina cha njia ya gari. Kikisimama kwa ubavu ni 3 na nusu, kinatosha kijia. Kisimike ndani ya kokoto kila baada ya hatua chache, kikimezwa punguza.

Kama kokoto zimekuja na unga mwingi, zisuuze kwa mpira zikiwa rundo, pembeni, maji yasiende kwenye msingi.

Tandaza nusu ya kina kwanza, sawazisha kwa mgongo wa reki, pitisha gari mara kumi hivi ukibadilisha mkondo kila mara. Ndipo uongeze nusu ya pili. Zile za kwanza hujichimbia kidogo kwenye uso wa moramu na kuwa meno yanayozishika zinazofuata.

Imefanikiwa ukiona soli ya kiatu inaacha alama lakini kiatu hakizami, na gari linapofunga breki kwa mwendo wa uani linasimama bila kurusha mawe.

## Kwa waliokwisha kumwaga na zikazama

Usihangaike kuzifukua. Zile kokoto zilizomezwa zimeugeuza udongo wako kuwa mgumu zaidi kuliko ulivyokuwa, na hilo ni faida uliyokwisha kuilipia.

Subiri pakauke kabisa. Kwangua tope la juu sentimita 3 au 4, chonga mteremko, fungua njia ya maji pembeni, kisha shindilia hapo hapo. Weka kitambaa, sentimita 10 za moramu kwa tabaka mbili nyembamba, halafu kokoto mpya za kipimo cha kiberiti. Kwa kuwa uso wote utapanda, pima geti na kizingiti cha mlango kabla hujaanza, si baada. Madale nilisahau, na fundi wa kuchomelea akaja kukata geti sentimita 6 kwa chini.

## Miezi ya kwanza na baada yake

Wiki mbili za mwanzo pita kwa reki kila siku ya tatu, ukirudisha kwenye mikondo ya tairi mawe yaliyokimbilia kingoni. Usigeuze usukani gari likiwa limesimama, unachimba kisima.

Majani ya mwembe au mwarobaini yaondoe yakiwa mabichi. Yakioza juu ya kokoto yanakuwa udongo, na udongo unaalika nyasi. Ndago ikichomoza, ivute siku ile ile baada ya mvua, ikiwa bado inatoka na kijidunda chake.

Ukifyeka nyasi za kandokando, okota kwanza mawe yaliyoruka nje ya ukingo. Fyekeo la injini linarusha kokoto hadi kwenye kioo cha jirani.

Na usigawe kokoto zilizobaki. Weka ndoo tano nyuma ya banda. Baada ya masika ya kwanza patatokea bonde moja au mawili, kwa kawaida pale gari linapolala na pale linapokata kona. Toa kokoto za hapo kwa reki, jaza moramu yenye unyevu, shindilia mpaka iseme ti, ndipo uzirudishe.